Nilitafuta Msumeno Kitale

Ukitokea Eldoret, Makumbusho ya Kitale unayapata kando ya barabara, kabla mat haijaingia mjini. Nilienda siku ya wiki. Watoto wa shule walikuwa wamejazana kwa nyoka, wanapiga nduru. Mimi nilikuwa na shida moja tu: kuona kama kuna msumeno.

Wacha nieleze. Babu yangu alikuwa mpasua mbao. Kabla ya pawa, gogo lililazwa juu ya shimo, mtu mmoja akasimama juu, mwingine akaingia chini, wakavutana na msumeno mrefu kuliko wao. Wa chini ndiye alikula unga wa mbao siku nzima. Babu alikuwa wa chini. Baba naye akafungua kibanda cha kuuza mbao. Karo yangu ilitoka hapo. Sasa mtu akiniambia ameweka historia ya huku ndani ya nyumba moja, naingia nikitafuta watu wangu.

Makumbusho haya yalianzishwa na mtu mmoja, Hugh Stoneham, mwanajeshi Mwingereza aliyependa kukusanya: wadudu, ndege, vitabu. Aliyafungua 1926. Mwaka huohuo reli ilifika Kitale. Na reli ya zamani ilikula kuni. Mashamba ya mwanzo ya miti ya kupandwa Kenya yalipandwa ili kuilisha. Kwa hivyo kipepeo alichomwa pini akahifadhiwa, mti ukachomwa moto ukasahaulika. Stoneham alifariki 1966, akaacha mkusanyiko wake, na jengo la sasa likafunguliwa 1974. Tena mwaka huohuo, kule Webuye, Pan Paper ikaanza kutengeneza karatasi kwa miti ya misitu ya magharibi. Kiwanda kilifungwa 2009. Wadudu bado wako.

Sisemi ni makumbusho mabaya. Kuna nyumba za kienyeji nje ambazo unaweza kuingia, ukainama mlangoni vile wenyeji waliinama. Hiyo ni poa kuliko picha ukutani. Lakini ndani, mbele ya vitu vya mbao, nilijikuta nauliza maswali ambayo sikuona yakijibiwa. Ni cha jamii gani, sawa. Ni mti gani? Ulitoka wapi? Nani aliukata, na alilipwa nini? Nilizunguka mara mbili. Msumeno sikuuona.

Halafu ukatoka nyuma, kuna msitu. Kipande kidogo cha msitu wa asili, njia ya kutembea, kijito, baridi inayokushika shingoni. Kwangu huu ndio ukumbi bora wa makumbusho yote, kwa sababu unakuonyesha Trans Nzoia kabla ya mahindi. Shida ni vile tunafundishwa kuuangalia: ati ndani ni watu, nje ni maumbile. Kwani msitu haukuwa na watu? Waulize Wasengwer waliofurushwa Embobut Januari 2014, nyumba zikichomwa kwa jina la kuhifadhi msitu. Waulize Waogiek wa Mau, ambao ilibidi waende hadi Mahakama ya Afrika, wakashinda 2017, ndio waambiwe kwamba ardhi ya babu zao ni yao.

Na utuulize sisi wa mbao pia. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Ilisema ni siku 90. Ikawa zaidi ya miaka mitano. Nilikuwa chuoni mwaka wa kwanza. Sikumaliza. Ilipotangazwa Julai 2023 kuwa watu wakate tena, kibanda cha mzee kilikuwa kinauza mayai. Na bado siwezi kusema marufuku ilikuwa makosa tupu. Mwaka ule mito ilikuwa imekauka, nami niliiona. Hilo ndilo ningetaka makumbusho yanisaidie kubeba: kwamba mkono uliokata ndio ulionilisha, na mto pia ulikuwa wetu. Kipepeo kwenye sanduku hawezi kunibebea hilo.

Ushauri wangu si wa pesa nyingi. Weka msumeno mmoja, si kabatini, bali kule kwa njia ya msituni, karibu na mti mkubwa. Andika nani aliushika. Watoto watauliza wenyewe.

Wa babu uko juu ya dari ya jikoni kwetu, umeshika kutu, meno mengine hayapo. Nikiwa stejini nilimpigia mzee simu, nikamuuliza kama naweza kuwapelekea.

"Watalipa ngapi?"

Nikamwambia sidhani wanalipa. Lakini labda wataandika jina la babu.

Akanyamaza. "Basi waandike na la mwenzake wa juu."