Makiwa ya Mashine

Miongoni mwa maandishi yanayostahili kuhakikiwa siku hizi iko aina moja isiyo na mtunzi wala kitabu, nayo ni maneno ya faraja yanayotolewa na programu za mazungumzo za akili mnemba, au akili unde kama wasemavyo wengine. Tangu ChatGPT itolewe kwa umma mwezi wa Novemba 2022, wengi wamezoea kuiandikia mashine si maswali ya masomo tu, bali na huzuni zao, upweke wao na magomvi yao ya nyumbani. Sisi walimu hulalamika kwamba mashine hiyo huwaandikia wanafunzi wetu insha. Hapa tunauliza jambo jingine: faraja yake ni ya Kiswahili gani?

Mtu akiieleza kwamba amefiwa, huweza kujibiwa kwa maneno ya namna hii: "Samahani kusikia hivyo. Hisia zako ni halali. Niko hapa kwa ajili yako." Hakuna kosa la ngeli wala la tahajia, lakini hatujapata kumsikia Mswahili akimfariji mwenziwe hivyo. Aombaye samahani ni mkosaji. Mfiwa huambiwa pole. Halali ni kinyume cha haramu, na mfiwa hakumwuliza mtu fatwa juu ya machozi yake. Ama hilo "hapa", ni wapi?

Swali hilo la mwisho si la mzaha. Lugha yetu ina mkiwa, yaani mtu aliyebaki peke yake. Ina ukiwa, hali yake. Na ina makiwa, neno apewalo mfiwa. Yote ni ya mzizi mmoja. Anayetoa makiwa amekwisha kutoka kwake, amevua viatu mlangoni, amekaa mkekani. Mara nyingi hana la kusema zaidi, wala hatakiwi kuwa nalo. Kuhani ni kwenda.

Lakini iwapo hakuna wa kwenda? Wabajuni wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, na wa mwambao wa Kismayu, wanalijua swali hili kuliko wengi wetu. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwezi wa Januari 1991, wengi wao walikimbilia Kenya kwa vyombo vya baharini, na baadhi yao wakafika hata Ulaya. Nchini Uingereza lugha yao iligeuzwa ushahidi: uko uamuzi wa rufani za uhamiaji wa mwaka 2004 unaohusu hasa uwezo wa mtu kusema Kibajuni. Walisikilizwa, naam, lakini kwa kupimwa. Mtu wa namna hiyo, akiwa chumbani peke yake usiku, hatuwezi kumcheka akiiandikia mashine. Haichoki, haisengenyi, wala haimwambii "si tulikwambia".

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, aliyeondoka Ujerumani akiwa mtoto mwaka 1936 pamoja na jamaa zake Wayahudi, alitangaza programu iitwayo ELIZA, iliyoyageuza maneno ya msemaji yakawa maswali. Katibu wake mwenyewe, aliyeiona kazi hiyo ikitengenezwa, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo kwa faragha. Kitabu alichokitoa mwaka 1976 kilijaa wasiwasi uliotokana na mambo kama hayo. Programu za leo zina ufasaha mkubwa mno kuliko ELIZA, na zina wenyewe: mwezi wa Agosti 2025 kampuni ya OpenAI ilipoiondoa GPT-4o, waliokwisha kuizoea walilia kama waliofiwa, hata ikawabidi wairudishe kwa wanaolipa.

Kwa Mbajuni kuna dhiki ya ziada. Mashine imejifunza zaidi Kiswahili Sanifu, kwa kuwa ndicho kilichoandikwa kwa wingi. Akiiandikia kwa lahaja ya mama yake, ana hatari ya kutoeleweka, au ya kujibiwa kwa lugha ya ofisini. Basi hana budi kwanza kuitafsiri huzuni yake, kisha aliwazwe. Twaona hapo ndipo faraja hiyo inapopungua zaidi, kuliko hata katika ile "samahani" yake. Watoto wake, wakiizoea, watajua kueleza uchungu kwa Kiingereza au kwa Kiswahili cha vitabuni, na Kibajuni kitabaki cha samaki na mashua.

Waweza kujibu kwamba mashine nayo itafundishwa. Huenda. Derek Nurse amekusanya msamiati na sarufi ya Kibajuni, na kazi yake ina thamani kubwa. Lakini maneno ambayo bibi wa Chula humwambia binti aliyefiwa na mumewe baharini, na namna anavyonyamaza baina ya neno na neno, hayo yatachukuliwa wapi? Hatumjui mtu aendaye matangani na kinasa sauti.