Kamera Ianzie Getini

Mtu wa Bongo muvi akipewa kazi ya kutengeneza filamu ya fujo za mpira, ngumi ndizo zitakazomjia kwanza kichwani. Vijana ishirini wenye jezi nyekundu, ishirini wenye njano na kijani, kichochoro cha Tandika au Mwananyamala, chupa zinapasuka, mmoja anaanguka. Ni picha inayouzika na haihitaji fedha nyingi. Lakini fujo za mpira wa Dar es Salaam haziendi hivyo. Picha hiyo tumeiazima Uingereza, na Waingereza wenyewe iliwagharimu vibaya. Nitaeleza jinsi walivyoitengeneza, kisha niseme kwa nini kwetu kamera inapaswa kusimama mahali pengine.

Kazi iliyo bora kuliko zote za aina hii ni The Firm ya mwongozaji Alan Clarke, iliyorushwa na BBC Februari 1989. Gary Oldman anaigiza Bex, dalali wa nyumba mwenye mke na mtoto mdogo, ambaye akitoka kazini anaongoza genge la mashabiki wa London. Clarke alifanya jambo ambalo wengi waliomfuata hawakulishika: mechi kubwa hakuionyesha kabisa. Hakuna jukwaa lililojaa wala goli la ligi. Alitumia Steadicam, kamera inayofungwa mwilini mwa mpigapicha ili atembee bila picha kuruka, akamfuata Bex sebuleni, barabarani na baa kwa vipande virefu visivyokatwa. Kwa kuwa picha haikatwi, mtazamaji hapati pa kujificha. Anaona kwamba mtu huyu hana njaa, hana deni, wala hajaonewa na refa yeyote. Anapenda kupigana, basi. Tukio linalouma kuliko mapigano yote ni lile la mtoto kujikata mdomo kwa kisu ambacho baba alikiacha ovyo ndani ya nyumba.

Green Street ya mwaka 2005 inatumia ufundi wa kinyume chake. Mwongozaji wake, Lexi Alexander, ni Mjerumani wa Mannheim aliyekuwa bingwa wa karate, na amewahi kueleza kwamba ujana wake aliupitisha karibu na genge la mashabiki wa mji huo. Anajua kipigo kinavyotua. Mhusika wake, aliyeigizwa na Elijah Wood, ni mwanafunzi Mmarekani aliyefukuzwa Harvard. Anaangukia mikononi mwa mashabiki wa West Ham, na sauti yake inatusimulia kila hatua. Hapo ndipo penye ujanja wa filamu: mgeni huyo ni sisi. Genge likimpokea, limetupokea na sisi. Kamera ya mkononi inaingia katikati ya mapigano, vipande vinakatwa vifupi vifupi, muziki unapanda. Mwishoni kiongozi wa genge anauawa na filamu inatuambia kwamba njia hii ni mbaya, lakini macho yetu yameshafundishwa kuifurahia kwa zaidi ya saa moja na nusu. Kwa upande wa ufundi naiheshimu. Kama kielelezo cha kufuatwa na kijana wa Kinondoni mwenye kamera, naikataa.

Ni muhimu kukumbuka filamu za mapigano zinatazamwaje kwetu. Katika vibanda umiza vya Temeke, Mbagala na Manzese, benchi ni lilelile: mchana ligi ya Uingereza, usiku filamu iliyotafsiriwa na sauti ya mtu mmoja anayeigiza wahusika wote, ufundi ambao mtafsiri wa filamu Lufufu aliupa jina Dar nzima. Mtazamaji hupokea mpira na mapigano akiwa amekaa palepale, kwa sauti ileile ya shangwe. Ni rahisi vitu hivyo viwili vikaungana kichwani mwake.

Na gharama niliyoitaja ni hii. Wiki chache baada ya The Firm kurushwa, tarehe 15 Aprili 1989, mashabiki wa Liverpool walikwama nje ya mageti machache ya upande mmoja wa uwanja wa Hillsborough, Sheffield. Polisi wakaamuru geti la kutokea lifunguliwe. Umati ukaingia njia moja ya chini kwa chini na kuishia kwenye vizimba vilivyokwishajaa, mbele kukiwa na uzio wa chuma uliowekwa kuwazuia wahuni wasiingie uwanjani. Waliokufa kwa tukio hilo ni 97. Siku hiyohiyo lawama zikatupwa kwa mashabiki: walevi, wavamizi. Taifa zima liliamini haraka kwa sababu lilishazoeshwa sura ya shabiki kuwa mtu wa fujo. Ilichukua mpaka Aprili 2016 kwa baraza la mahakama kutamka kwamba watu wale waliuawa isivyo halali na mashabiki hawakuwa na kosa.

Jimmy McGovern aliandika tamthilia ya televisheni kuhusu siku hiyo, Hillsborough, iliyorushwa mwaka 1996. Hiyo ndiyo ningependa waandishi wetu waitazame mara nyingi zaidi. Inaanza na familia zinazojiandaa kwenda mpirani, inapita getini, inafika chumba cha kutambulia maiti, inamalizikia kwenye meza za uchunguzi. Genge hamna, na shujaa wa ngumi hamna. Hatari inajengwa na nafasi inayopungua.

Sasa turudi Temeke. Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 ubavuni mwa Uwanja wa Uhuru, unachukua watu 60,000. Tarehe 1 Oktoba 2016 Simba na Yanga walikutana hapo. Dakika ya 26 Amissi Tambwe akaifungia Yanga goli ambalo Simba walilalamika kwamba aliushika mpira kwa mkono. Wachezaji wakamzunguka refa Martin Saanya, na nahodha Jonas Mkude akatolewa kwa kadi nyekundu. Mchezo ukasimama. Upande wa Simba viti vikaanza kung'olewa na kurushwa, polisi wakapiga mabomu ya machozi. Baadaye mpira ukaendelea, na dakika za mwisho Shiza Kichuya akapiga kona iliyozama moja kwa moja wavuni. Matokeo yakawa 1-1. Hesabu ya viti vilivyoharibiwa ilipita 1,700, na Serikali, kupitia Waziri wa wakati huo, Nape Nnauye, ikazizuia timu zote mbili kuutumia uwanja huo.

Uchambue tukio hilo kwa jicho la mwandishi wa filamu. Hasira ina dakika yake na chanzo chake, nacho ni uamuzi. Haikupangwa wiki moja kabla kwa simu. Inamkabili refa aliye mbali, ambaye shabiki aliye jukwaa la mzunguko hawezi kumfikia, kwa hiyo inakishukia kilicho karibu: kiti alichokalia mwenyewe. Wanaong'oa viti hawajuani kwa majina. Fundi gereji wa Buza yuko karibu na karani wa Mwenge, na watapanda daladala tofauti kurudi nyumbani. Ukimfuata mmoja kwa Steadicam kama Clarke alivyomfuata Bex, utamkuta jioni akila wali na watoto wake. Kesho yake atakuwa kazini akitaniana na mwenzake wa Yanga, kwa sababu hawa ni watani wa jadi, na utani una mipaka ambayo kila mtu ameirithi. Mashabiki hubeba jeneza lenye rangi za mtani mbele ya mageti, na mtani mwenyewe hucheka.

Desemba 2024 jambo la namna hiyo lilijirudia. Kibu Denis aliifungia Simba goli la pili dhidi ya CS Sfaxien ya Tunisia katika dakika za nyongeza, wageni wakamvamia refa, na viti vikaruka. Vilihesabiwa 256. CAF ikaiadhibu Simba, na Januari 2025 ikacheza na CS Constantine bila shabiki hata mmoja jukwaani.

Lakini kiti hakijaua mtu. Kilichoua ni geti. Tarehe 28 Mei 2023, Yanga ilipocheza na USM Alger mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, msongamano wa kuingia uwanjani uliua mtu mmoja na kujeruhi 30. Hakukuwa na genge. Walikuwa watu waliotaka kuona timu ya Tanzania ikicheza fainali ya Afrika. Miaka miwili kabla, Machi 2021, watu 45 walikufa kwa msongamano Uwanja wa Uhuru walipokwenda kumuaga Rais Magufuli, na huko mpira haukuwepo kabisa. Mahali ni jirani na Mkapa, na maumbile ya hatari ni yaleyale.

Kuna atakayeniuliza kuhusu makomandoo. Kweli, hicho ndicho kitu chetu kinachokaribia genge: vijana wa klabu wanaojipa ulinzi, wanalala uwanjani kuamkia mechi, wanachunga milango na vyumba vya kubadilishia nguo kwa hofu ya ushirikina. Klabu zetu zimetozwa faini mara kadhaa kwa kukwepa mlango rasmi. Jioni ya tarehe 7 Machi 2025 Simba walikwenda Mkapa kufanya mazoezi, wakasema wamezuiwa kuingia na walinzi wa Yanga. Wakatangaza hawachezi. Bodi ya Ligi ikaiahirisha dabi ya tarehe 8, na mechi ikaja kuchezwa 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0. Tazama silaha iliyotumika: lango lililofungwa. Basi moja limesimama nje usiku, na ligi nzima inatikisika. Kwa mwandishi mwenye subira hiyo ni saa nzima ya filamu bila kofi.

Itapigwaje picha? Fedha za Bongo muvi zinafahamika. Siku chache za kazi, kamera moja au mbili, nyumba ya kuazima Sinza au Tegeta. Umati wa 60,000 haununuliki. Habari njema ni kwamba geti halihitaji umati huo. Watu themanini wakibanwa kwenye fremu kwa lenzi ndefu wanaonekana elfu, kwa sababu lenzi hiyo inavuta wa nyuma kuwa mgongoni mwa wa mbele. Kamera ishuke usawa wa kifua na isionyeshe mwisho wa watu. Sauti irekodiwe siku ya mechi halisi, tangu asubuhi vuvuzela zikiwa mbali mbali hadi saa ya kelele moja isiyo na maneno, kisha iwekwe juu ya picha za watu hao themanini. Vipande viwe virefu. Mkato mfupi unamfanya mtazamaji ahisi kasi, na msongamano hauna kasi. Unakuja polepole, na anayebanwa haoni anayesukuma. Kwa usalama wa waigizaji, wanaosukuma wawe safu ya nyuma pekee, pembeni pawe wazi nje ya fremu, na mtu mmoja awe na kazi ya kusimamisha kila kitu kwa filimbi.

Picha za uwanja wa mtaani zipo bure. Ndondo Cup, iliyoanza 2014, imejaza watu Kinesi na Bandari kushangilia timu kama Temeke Market, Kauzu na Keko Furniture, watu wakisimama hadi kwenye chaki ya pembeni. Pale kamera inamkuta shabiki na refa wakiwa wametenganishwa na hatua mbili, na inaweza kuonyesha kwa nini mara nyingi hatua hizo mbili hazivukwi. Runinga haitusaidii hapa, maana utaratibu wa matangazo ya mpira ni kuiondoa kamera kwenye fujo. Kilichobaki ni video za simu zinazoanza baada ya kiti kuruka na kuisha kabla ya mtu kufika nyumbani.

Kwa hiyo ombi langu kwa waongozaji wa Dar es Salaam ni moja. Acheni kumpa shabiki wa Mbagala uso wa Bex. Siku geti likielemewa tena, viongozi, polisi na magazeti watamtafuta wa kulaumiwa, na watamchagua kutokana na sura ambayo filamu zimeshawazoesha. Wale 30 waliojeruhiwa Mei 2023 walikwenda kutazama fainali. Nendeni mkawahoji kabla hamjaandika ukurasa wa kwanza.