Dhana ya Hali: Neno Moja, Taaluma Nyingi

1. Utangulizi

Miongoni mwa maneno yanayobebeshwa mzigo mkubwa katika maandishi yetu ya kitaaluma, neno hali lina nafasi ya pekee. Mwanafizikia huzungumzia hali ya maada, daktari hali ya mgonjwa, mwanasheria hali ya hatari, mwanaisimu hali timilifu. Katika vyuo vyetu vya Kongo, ambako mafunzo hutolewa kwa Kifaransa, mwanafunzi aghalabu hutakiwa kuifungua tasnifu yake kwa état de la question, nasi tunapolieleza jambo hilo kwa Kiswahili hulirudia neno lilo hilo. Makala hii inakusudia kulihakiki dai kwamba nyuma ya matumizi yote hayo ipo dhana moja, yaani hali kwa ujumla wake, iwezayo kuhamishwa kutoka taaluma moja hadi nyingine bila kupoteza kitu. Kwa maoni yetu dai hilo lina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo una gharama.

2. Kiini cha dhana

Tuanze na ukweli wake. Katika fizikia, gesi ya kiasi fulani iliyomo chomboni huelezwa kwa shinikizo, ujazo na halijoto. Anayevijua hivyo hana haja ya kuuliza gesi hiyo ilifikaje hapo: iwe ilipashwa moto kwanza kisha ikashindiliwa, au kinyume chake, hali ni ile ile. Mwaka 1936 Alan Turing alibuni mashine ya kinadharia ambayo kila hatua yake huamuliwa na mambo mawili tu: hali iliyomo, na alama inayoisoma. Mnamo 1960 Rudolf Kalman aliiweka dhana hiyo katika msingi wa nadharia ya udhibiti wa mitambo. Kwake hali ni maarifa machache kabisa kuhusu yaliyopita yanayotosha kukadiria yajayo, mradi tujue pia mtambo utapewa nini baadaye. Ludwig von Bertalanffy naye, katika kitabu chake cha mwaka 1968 juu ya nadharia ya jumla ya mifumo, alitarajia kwamba istilahi za namna hii zingeziunganisha sayansi za maumbile na za jamii.

Kiini chake basi ni hiki: hali ni ufupisho wa historia. Njia husahauliwa, matokeo hubaki. Mfano uko karibu nasi. Malakiti, lile jiwe la kijani lenye takriban asilimia 57 ya shaba likiwa safi, huweza kuyeyushwa kwa asidi ya salfuriki, kisha shaba ikatolewa katika mmumunyo huo kwa nguvu ya umeme, kama ilivyofanyika kwa miaka mingi katika viwanda vya Shituru, hapa Likasi. Bamba la shaba safi linalopatikana halisemi kama jiwe lake lilitoka Kamatanda au kwingineko. Kwa mkemia, huko kusahau ndiko faida ya dhana yenyewe.

3. Dhana mbele ya lugha

Tukiingia katika isimu, mambo hugeuka. Zeno Vendler, katika makala yake ya mwaka 1957, aliyagawa maana za vitenzi katika makundi manne, na hali ikawa kundi mojawapo, kando ya utendaji usio na kikomo, utendaji wenye kikomo, na tukio la papo hapo. Kiswahili hakikai kwa utulivu ndani ya makundi hayo. Kusimama ni tukio, lakini amesimama hueleza hali ya sasa: mtu yuko wima mbele yetu. Ndivyo ilivyo kwa amelala, amevaa na amechoka. Kiambishi -me- hakilisahau tukio. Hulishika kwa mkono mmoja na hali kwa mkono wa pili. Na Kiswahili cha Katanga kinaposema tuko natumika, kwa maana ya tunafanya kazi, hukichukua kielekezi cha mahali -ko na kuufanya utendaji uonekane kama mahali mtu alipo.

Isitoshe, istilahi zetu zimeongeza utata. Neno hali hutumika kwa kategoria ya kisarufi inayoambatana na njeo, na pia kwa kile ambacho Wafaransa hukiita état. Matokeo yake mwalimu hujikuta akisema kwamba kitenzi kilicho katika hali timilifu kinaeleza hali. Mwanafunzi anayeduwaa hapo si mjinga. Hata asili ya neno yapasa kututahadharisha: hali limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kugeuka, mzizi uliotupa pia kuhawilisha. Wanatasawufu nao waliitofautisha hali, ambayo hupita, na makamu, ambayo hudumu. Tumelikopa neno la mpito, tukalitumia kama jina la kitu kilichotulia.

4. Mtenda aliyefichwa

Tofauti hii si ya darasani tu. Tulinganishe sentensi mbili: mlango umefunguka, mlango umefunguliwa. Hali ya mlango ni moja, na mwanafizikia hana la kuongeza. Lakini sentensi ya pili inakubali swali, umefunguliwa na nani? Ya kwanza hailikubali, kwa kuwa kiambishi -k- cha kauli ya kutendeka hakimruhusu mtenda kutajwa kwa na. Lugha yetu basi ina kauli inayozungumzia hali na kumwondoa mtu.

Sasa tuitazame Kamatanda, pembezoni mwa mji wetu, ambako wachimbaji wadogo wametafuta riziki katika mashimo ya shaba na kobalti. Kuporomoka kwa mashimo kumewaua wengi katika ukanda wa shaba wa Katanga. Mwanafunzi anayeandika ripoti huandika: shimo liliporomoka, mazingira yameharibika, maji yamechafuka, hali ya usalama ni mbaya. Kila sentensi ni sahihi kisarufi, na huenda ni ya kweli. Lakini kanuni za madini za mwaka 2003 ziliweka kikomo cha mita 30 kwa kina cha uchimbaji mdogo. Basi shimo lilichimbwa kupita kikomo hicho, au halikupita. Kuna aliyenunua mawe yake, na kuna aliyepaswa kulikagua. Hakuna nafasi ya kuyauliza hayo ndani ya liliporomoka. Ufupisho wa historia unaomfaa mkemia wa shaba unageuka kuwa ufutaji wa historia anapouazima mtafiti wa jamii.

5. Pingamizi na hitimisho

Yupo atakayejibu kwamba dawa ni rahisi: historia iingizwe ndani ya hali. Wanafizikia wenyewe hufanya hivyo kwa chuma kinachokumbuka usumaku wake wa awali. Huipanua hali mpaka itoshe. Jibu hilo ni la haki, lakini linathibitisha hoja yetu. Ikiwa hali hupanuliwa au kupunguzwa kulingana na swali linaloulizwa, basi haikai ndani ya kitu peke yake. Ni mapatano kati ya kitu na muulizaji. Kinachosafiri kutoka taaluma hadi taaluma ni umbo la mapatano hayo. Masharti yake hayana budi kuandikwa upya kila mara.

Tunapendekeza basi kwamba mwanafunzi anayeandika hali ya jambo fulani adaiwe mambo matatu: ataje vipimo anavyovihesabu kuwa ndiyo hali, ataje swali ambalo vipimo hivyo vinalitosheleza, na kila anapotumia kauli ya kutendeka ajaribu kwanza kauli ya kutendwa, aone kama yupo mtu aliyemwacha nje. Sharti la tatu ndilo gumu zaidi, kwa sababu sarufi haimlazimishi mwandishi kulitimiza. Kiswahili kimetupa kauli zote mbili, na anayechagua moja hawezi kusema kwamba lugha ndiyo iliyomchagulia.