Hongereni, Watu wa Mizabibu

Hapa mtaani kwetu Kiseke tukichoma sato wa ziwani kwa chumvi na ndimu, wengi husema mvinyo mwekundu ni wa nyama tu. Mvinyo mwekundu mwepesi unatufundisha vinginevyo.

Kule Beaujolais, Ufaransa, zabibu za Gamay huvunwa kwa mkono ili zisipondeke. Vichala vizima huingizwa kwenye tangi, likafungwa na kujaa hewa ya ukaa. Uchachukaji huanzia ndani ya punje, ganda likiwa bado zima. Ndiyo maana ukakasi huwa mdogo, rangi huwa angavu na harufu ya matunda hubaki. Mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, Philippe le Hardi, aliamuru mizabibu hiyo ing'olewe katika himaya yake. Wakulima wa Beaujolais hawakuiacha.

Ung'ang'anizi huo tunao pia nyumbani. Dodoma, kwenye ardhi kame, wakulima wa Hombolo na Mpunguzi hupogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Zabibu nyekundu ya aina ya Makutupora ikishakatwa haingoji: jua likiizidi kabla ya kufika kiwandani, jasho la msimu mzima limepotea.

Juzi nilizamisha chupa ya mvinyo mwekundu wa Dodoma kwenye ndoo ya barafu kwa nusu saa. Ilipomiminwa ilinukia tunda, na ladha ya sato haikumezwa.

Wakulima, wavunaji na wasindikaji, hongereni. Kazi yenu tunaionja.