Zaidi ya Jedwali: Uhakiki wa Makala ya Kamusi Elezo ya Mtandaoni kuhusu Programu za Kuunganisha Jenomu

Utangulizi

Mshauri wa sera anayetakiwa kutoa maoni juu ya mradi wa kusoma jenomu ya zao au ya samaki huanzia, kama wasomaji wengine, kwenye kamusi elezo ya mtandaoni. Makala ya Wikipedia ya Kiingereza kuhusu programu za kuunganisha jenomu bila jenomu ya rejea humkabidhi jedwali refu: majina ya programu, teknolojia inayohusika na aina ya leseni. Uhakiki huu unatetea hoja moja: makala ya namna hiyo haiboreshwi kwa kuongeza majina katika jedwali, bali kwa kumwezesha msomaji kupima iwapo jenomu iliyounganishwa inaaminika.

Kinachofichwa na jedwali

Jedwali lina manufaa yake. Mtafiti anayeijua kazi hupata humo jina na leseni kwa haraka. Hata hivyo, kwa asiyeijua, linasawazisha vitu visivyo sawa. Programu ya Velvet, iliyochapishwa mwaka 2008 na Daniel Zerbino na Ewan Birney wa Taasisi ya Bioinfomatiki ya Ulaya, iliundwa kwa ajili ya vipande vifupi sana vya DNA. Hutumia grafu ya de Bruijn: kila kipande hukatwa kuwa vijipande vya urefu mmoja, kisha hutafutwa njia inayoviunganisha. Canu, iliyochapishwa mwaka 2017, ililenga vipande virefu vyenye makosa mengi, nayo hulinganisha vipande hivyo ili kubaini vinapopishana. Kuziorodhesha programu hizi mbili bila maelezo hayo ni sawa na kuorodhesha jahazi na lori kuwa vyombo vya usafiri bila kutaja bahari wala barabara.

Pengo kubwa zaidi ni kukosekana kwa maelezo mepesi ya tatizo ambalo programu hizi zote hupambana nalo, yaani marudio. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuelezwa kwa mfano wa shairi. Chukulia kwamba nakala nyingi za shairi lenye kibwagizo zimechanwa vipande na kuchanganywa. Kipande chenye kibwagizo pekee hakionyeshi kimetoka ubeti upi, kwa kuwa beti zote zina kibwagizo hicho. Kipande kirefu kinachoanzia mshororo wa kabla ya kibwagizo na kuishia katika ubeti unaofuata ndicho kinachomaliza utata. Jenomu ina vibwagizo vya namna hiyo kwa wingi. Ndiyo maana rasimu ya jenomu ya binadamu ilichapishwa mwaka 2001, lakini takriban asilimia 8 ya jenomu hiyo, sehemu kubwa ikiwa ni marudio, ilisubiri hadi mwaka 2022 ndipo mfuatano kamili ukatangazwa, ukiacha kromosomu Y.

Kipimo kinachopotosha

Kipimo kinachotajwa zaidi katika kulinganisha matokeo ni N50: vipande vilivyounganishwa vikipangwa kuanzia kirefu zaidi, N50 ni urefu wa kile ambacho jumla ikikifikia huwa imetimiza nusu ya urefu wote. Makala ikiishia kwenye fasili hiyo, msomaji ataamini kwamba N50 kubwa ni ushahidi wa kazi bora. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha hatari yake. Vipande vyenye urefu wa 40, 30, 20 na 10 vina N50 ya 30. Programu ikiunganisha kimakosa kile cha 30 na kile cha 20, vipande vitakuwa 50, 40 na 10, na N50 itapanda hadi 50. Hakuna hata besi moja iliyoongezeka, na kosa limezaa sifa. Mshauri anayeidhinisha malipo kwa kutazama N50 peke yake anaweza kuidhinisha jenomu ambamo jeni zimewekwa mahali pasipo pake, na wafugaji au wazalishaji wa mbegu wakaijenga kazi yao juu ya msingi huo.

Ushahidi wa kurekebisha upungufu huu upo, na unaligusa eneo hili moja kwa moja. Katika zoezi la Assemblathon 2, lililochapishwa mwaka 2013, timu 21 ziliwasilisha jenomu 43 zilizounganishwa za wanyama watatu: ndege, nyoka na samaki Maylandia zebra wa Ziwa Nyasa. Timu iliyofanya vizuri kwa kipimo kimoja mara nyingi haikufanya vizuri kwa kingine, na waandishi walishauri kutotegemea kipimo kimoja wala programu moja. Kwa kuwa Wikipedia hairuhusu mhariri kutoa hukumu yake mwenyewe, tathmini huru kama hii ndiyo inayopaswa kuwa uti wa mgongo wa makala, badala ya madai ya watunzi kuhusu programu zao.

Toleo la Kiswahili

Wikipedia ya Kiswahili imekuwapo tangu mwaka 2003. Kishawishi cha kuipatia makala hii kwa kutafsiri jedwali ni kikubwa, kwani kazi hiyo ni nyepesi. Matokeo yake yatakuwa ukurasa ambao Kiswahili chake ni vichwa vya safu tu. Kinachostahili kutangulia ni dhana: kipande, mpishano, marudio, muungano wa kimakosa. Dhana hizo zikishapata maneno thabiti, majina ya programu yanaweza kufuata, kila moja likiwa na mwaka wake na aina ya data iliyokusudiwa.

Hitimisho

Jarida la PLOS Computational Biology lilionyesha njia mwaka 2012 lilipoanza kuchapisha makala zilizopitiwa na wataalamu, ambazo nakala zake huingizwa katika Wikipedia. Majarida ya Kiswahili yanaweza kufuata utaratibu huo, na vyuo vikuu vikaihesabu kazi hiyo kuwa chapisho la kitaaluma. Bila hesabu hiyo, wenye ujuzi hawatakuwa na sababu ya kuhariri, na mshauri wa sera ataendelea kuchagua kwa kutazama orodha ya majina.