Pasi, Kibali, Kifurushi: Maoni juu ya Jina la Tiketi ya Reli Isiyohesabu Safari

Katika nchi kadhaa za ng'ambo abiria wa reli anaweza kulipa mara moja tu, kisha akapanda treni mara nyingi apendavyo katika muda uliotajwa, bila kukata tiketi kwa kila safari. Eurail, iliyokusudiwa wasafiri watokao nje ya Ulaya, ilianza mwaka 1959. Interrail ya vijana wa Ulaya yenyewe ikafuata mwaka 1972. Japani ikaanzisha ya kwake, kwa ajili ya wageni, mwaka 1981. Ujerumani iliweka tiketi ya mwezi mzima kwa yuro 49 mwezi Mei 2023, na Januari 2025 ikaipandisha hadi yuro 58. Kwetu, tangu treni za umeme zianze kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni 2024, na hadi Dodoma mwezi Julai mwaka huo huo, mazungumzo ya nauli yamekuwa mengi, na mfasiri wa habari za reli hukutana na dhana hii mara kwa mara. Majina anayoipa yamekwisha kuwa mengi kuliko kitu chenyewe.

Makala haya yanakusudia kuyapima majina hayo. Kipimo tunachokitumia si Dar es Salaam, ambako kila neno jipya hupata mtetezi siku hiyo hiyo, bali ni wilaya za Kibondo na Kasulu katika nyanda za juu za Kigoma. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini haikupanda huko juu. Mtu wa Kibondo hushuka kwa basi hadi Kasulu, kisha Kigoma, ndipo aione treni itakayompeleka zaidi ya kilomita 1,200 hadi pwani. Mahali kama hapo istilahi hutangulia kitu. Haina dirisha la stesheni wala karani wa kuifafanua. Hufika peke yake, na huyakuta maneno mengine yamekwisha kukaa.

Tuanze na kibali cha safari, jina linalopendwa na baadhi ya watumishi wa ofisi kwa kuwa lina sura ya kiserikali. Kwa mujibu wa kamusi halina kosa: kibali ni idhini. Lakini Kasulu ndiko iliko Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Kongo. Na Kibondo ndiko iliko Nduta, iliyofunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipoingia kwa wingi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilimkataza mkimbizi kutoka nje ya eneo alilopangiwa pasipo kibali. Kwa miaka mingi, basi, katika wilaya hizi mbili neno kibali likiambatana na safari limekuwa neno la lango la kambi na la kizuizi cha barabarani. Mwenye kibali si mtu aliyenunua kitu, ni mtu aliyeruhusiwa. Na asiye nacho hukamatwa.

Tukilibandika neno hilo juu ya karatasi ambayo kila mwenye fedha anaweza kuinunua, tutakuwa tumesema mambo mawili yasiyo ya kweli: kwamba raia ahitaji ruhusa ili asafiri ndani ya nchi yake, na kwamba ruhusa hiyo huuzwa. La pili ni baya kuliko la kwanza. Msomaji wa Kasulu akikuta tangazo lisemalo kwamba vibali vya safari vinauzwa, atakuwa na haki kamili ya kuuliza ni nani anayeviuza na polisi wako wapi. Hili si suala la ladha ya lugha. Neno linaloweza kumfanya mtu aogope kukata tiketi, au linaloweza kumpa tapeli sura ya kuaminika, halifai kuwa istilahi.

Pasi ina matatizo ya aina nyingine. Wengi watasema kwamba neno hili lina kazi nyingi mno: ni chuma cha kunyooshea nguo, ni hati ya kuvukia mpaka, ni mpira anaopewa mwenzako uwanjani. Hoja hiyo haitushawishi sana, maana Kiswahili kina maneno mengi ya jinsi hiyo na wasemaji hawapotei. Tatizo hasa liko ndani ya reli yenyewe. Humo pasi ni hati ya mtumishi wa reli ya kusafiri bure. Ipo pia waranti, ambayo mwalimu aliyepangiwa Kibondo aliipokea ili aende likizo kwao, na ambayo ililipiwa na Serikali. Na ipo tiketi, ambayo abiria huilipia mwenyewe. Hati hizo tatu hutofautishwa na jambo moja: ni nani aliyelipa. Kwa mfumo huo, "kununua pasi" ni kauli inayojipinga, na masikioni mwa mtumishi wa reli wa zamani inanuka rushwa. Mfasiri aliyeona sura ya neno la kigeni akaitohoa hakuuliza kwanza kama kiti kilikuwa na mtu.

Juu ya tiketi ya msimu hatuna haja ya kusema mengi. Ni tafsiri sisisi. Kwa mkulima wa maharage wa Kasulu msimu ni wa kilimo, na tiketi ya msimu ingekuwa ile inayokatwa baada ya mavuno.

Kifurushi ndilo jina lililotusumbua, kwa sababu lina nguvu. Makampuni ya simu yamelifundisha taifa zima. Hakuna mwanafunzi wa Kibondo asiyejua kwamba kifurushi hulipiwa kabla, kwamba kipo cha siku, cha wiki na cha mwezi, na kwamba muda ukiisha kilichobaki hupotea. Hiyo ni dhana yetu karibu yote, imefafanuliwa bila mwalimu. Lau tungekuwa tunaunda istilahi ya mabasi, tungelikubali. Lakini katika reli kifurushi ni mzigo mdogo unaopelekwa kwa treni, wenye karani wake na stakabadhi yake. Abiria anayeomba "kifurushi cha kwenda Kigoma" ataelekezwa kwenye mizani. Tunalikataa kwa masikitiko, na tunamshauri mwalimu alitumie darasani kuifafanua dhana, mradi asilifanye jina lake.

Kuna aliyetaja kipande. Kwa umbo la dhana neno hili lalingana kwa namna ya kushangaza: katika mashamba ya mkonge kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, ambazo hazikulazimika kufuatana. Lakini Kibondo na Kasulu ndizo zilizotoa manamba kwa maelfu, na hakuna sababu ya kumrudishia mjukuu neno ambalo babu yake alihesabiwa kwalo.

Tuje kwenye sifa inayoambatana na majina haya yote: "isiyo na kikomo". Hapa mnunuzi hudanganywa waziwazi. Muda una kikomo. Treni nazo zina mipaka: mwenye Interrail apandapo treni za kasi za Ufaransa hana budi kulipia nafasi ya kiti, na pasi ya Japani kwa miaka mingi haikukubaliwa kabisa katika treni ziitwazo Nozomi. Kisicho na kikomo ni hesabu ya safari peke yake. Kwa hiyo tuseme "safari hazihesabiwi", maneno mawili yanayotaja kile tu kinachotolewa.

Kosa hilo huzaa la pili, nalo ni kuita bei ya tiketi hizi nauli. Nauli ni malipo ya kutoka mahali hadi mahali, na aghalabu hukokotolewa kwa kilomita. Tiketi hii huuza muda. Tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha mnunuzi kupiga hesabu. Mwezi Oktoba 2023 Japani ilipandisha bei ya tiketi ya siku 7 ya daraja la kawaida kutoka yen 29,650 hadi yen 50,000. Kwenda na kurudi kati ya Tokyo na Kyoto ni takriban yen 28,000. Kabla ya hapo safari hiyo moja ilikaribia kurejesha bei, baada ya hapo ikawa haifiki hata theluthi mbili. Tuchukue mfano wa kwetu. Nauli ya treni ya kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ilipoanza mwaka 2024 ilikuwa shilingi 31,000. Anayekwenda na kurudi mara 4 kwa mwezi alilipa 248,000. Tiketi ya mwezi ingemfaa mtu huyo kama bei yake ingekuwa chini ya hapo. Anayesafiri mara moja tu ingemfilisi. Hesabu hiyo haiwezi kuelezwa vizuri ikiwa pande zote mbili zinaitwa nauli.

Pendekezo letu ni tiketi ya kipindi, na malipo yake yaitwe bei. (Tumeandika tiketi, wala si tikiti, tuliachie tunda jina lake.) Jina hili laendelea kuwa ndani ya ukoo wa tiketi, kwa hiyo lamwambia msomaji kwamba abiria ndiye alipaye. Laongezeka bila kuvunjika: tiketi ya kipindi ya siku 7, ya mwezi, ya mwaka. Idadi ya safari ambayo ikifikiwa mnunuzi hapati hasara tunaiita idadi ya kurejesha bei. Tangazo laweza kuandikwa hivi: "Tiketi ya kipindi, siku 30. Safari hazihesabiwi. Nafasi ya kulala hulipiwa mbali." Mtu aliyeshuka kutoka Kibondo atalielewa asubuhi ile ile anayofika.

Limebaki jambo moja ambalo hatujalitatua. Zipo tiketi zinazotoa, mathalani, siku 4 za kusafiri zinazoweza kuchaguliwa ndani ya mwezi mmoja. Hapo vipindi ni viwili, na "kipindi" peke yake hakitoshi. Kwa sasa tunatenganisha siku za kusafiri na muda wa kutumika, na siku ya kwanza tunasema tiketi imeanza kutumika. Tumeikataa "kuamshwa", kwa kuwa tiketi haikuwa imelala. Walimu na wafasiri wa Kigoma wenye neno bora kwa ajili ya aina hii ya pili wanaombwa waliandikie Baraza, pamoja na sentensi moja au mbili zinazoonyesha jinsi linavyotumika.