Kubadili Kipande Kimoja Tu

Programu ya Spring kwa kawaida hufanya maamuzi yake inapowashwa: husoma usanidi, hukagua klasi, kisha huamua ni bini zipi (vitu vinavyosimamiwa na Spring) ziundwe na vipi. Tangu Spring Framework 6 ilipotoka Novemba 2022, maamuzi hayo yanaweza kufanywa mapema, programu ikiwa bado inajengwa. Matokeo yake ni msimbo wa Java unaosomeka na mtu yeyote. Kwa mfano, klasi ya DataSourceConfiguration inapata mwenzake, DataSourceConfiguration__BeanDefinitions, na ndani yake mna methodi fupi: inaunda RootBeanDefinition, inaieleza jinsi ya kuizalisha bini, inairudisha.

Ufundi ninaousifu huanza pale msimbo huo usipotosha. Chukua klasi ya Spring Boot yenye alama ya @ConfigurationProperties, inayopokea thamani zake kupitia konstrakta. Msimbo wa kawaida ungeitafutia kila hoja ya konstrakta bini ya kuijaza. Lakini thamani hizo hazimo kwenye bini. Zimo kwenye mazingira, kama faili la application.properties, na zinaweza kubadilika hata baada ya programu kujengwa.

Waliotengeneza Spring Boot hawakuandika jenereta mpya ya msimbo. Kichakataji chao hupitishiwa bini moja baada ya nyingine. Kwa isiyokihusu hurudisha null, nayo bini ikaendelea na njia yake ya kawaida. Kwa inayokihusu hutumia klasi inayorithi BeanRegistrationCodeFragmentsDecorator, ambayo huiachia jenereta ya kawaida kila kipande cha msimbo kisichoguswa. Kilichobadilishwa hasa ni methodi ya generateInstanceSupplierCode: badala ya kuita konstrakta moja kwa moja, msimbo mpya unaagiza thamani zifungwe kutoka kwenye mazingira wakati wa kuwasha. Ni kama fundi nguo anayepunguza mikono ya kanzu bila kugusa darizi ya shingoni.

Kazi ya namna hii haijifichi. Jenga kwa Maven ukiwa umewasha hatua hiyo ya kuamua mapema, fungua target/spring-aot/main/sources, soma. Linganisha faili la kabla na la baada ya kuongeza kichakataji. Ukikuta kilichobadilika ni methodi moja tu, na mengine yote yamekaa vilevile, ujue aliyekiandika kichakataji hicho aliielewa jenereta vizuri kiasi cha kuiachia kazi yake.